Samaki wa Kushusha Presha

Daktari wa Mbeya alimwambia mume wangu mambo matatu: apunguze chumvi, atembee kwa miguu kila siku, na atafute kitu cha kumtuliza akirudi nyumbani. Chumvi aliipunguza wiki moja. Kutembea alikukataa palepale, akasema mtu mwenye gari akionekana anatembea Tunduma, watu wataanza kuulizana gari limeenda wapi. Lile la tatu alilishika kwa mikono miwili, kwa sababu ndilo pekee lililomruhusu kununua kitu.

Mume wangu ni wakala wa forodha. Kazi yake ni kuhangaika na karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo, na ameifanya miaka kumi na tisa. Ana simu tatu na zote huita kwa wakati mmoja. Akikaa mezani anakula huku anamgombeza dereva aliyekwama ng'ambo, Nakonde, halafu ananigeukia na kuniuliza kama mboga ilikuwa na chumvi au vipi. Kwa hiyo sikubishana na daktari. Mtu huyu alihitaji utulivu, na mimi nilihitaji atulie.

Nilipendekeza kuku. Mimi ni mtoto wa Iyula, Mbozi, nimekulia kwenye kahawa na mahindi, na najua kwamba ukikaa jioni ukawaangalia kuku wanavyotafuta pa kulala, kichwa kinapoa. Tena kuku unamla. Aliniangalia kwa huruma, kama vile nimemwambia aanze kuvaa kaptula kazini.

Wazo lake alilipata Dar es Salaam. Mteja wake mmoja alimkaribisha nyumbani, na huko akakuta tangi la kioo lenye maji ya bahari, samaki wa rangi wanapita mbele ya sofa. Aliporudi hakuongea habari za mzigo wala za mteja. Aliongea samaki. Alisema alikaa mbele ya lile tangi nusu saa, akasikia presha inashuka yenyewe kama lifti. Nikamkumbusha kwamba sisi tuko mwisho wa nchi, upande usio na bahari. Akasema bahari siku hizi inaletwa.

Ililetwa. Fundi alikuja kutoka Dar na tangi refu kuliko kitanda cha wageni, pampu, kichujio, hita, taa ya buluu, mawe yenye vitundu vitundu na ndoo kadhaa za chumvi maalumu ya kukorogea maji. Hivyo ndivyo mtu aliyekatazwa chumvi na daktari alivyoijaza sebule yake chumvi. Kabati lenye picha ya harusi yetu na picha za mahafali ya watoto lilihamia kwenye korido. Televisheni ilihamia chumbani. Mimi nilibaki nilipo kwa sababu hakuna aliyefikiria pa kunihamishia.

Akina mama wa kanisani walikuja kuona. Walisifu, wakagusa kioo, na mmoja wao, mama mtu mzima asiyejua kuzunguka, akauliza tutawakaanga lini. Mume wangu alimweleza kwa dakika nyingi kwamba hawa si samaki wa kula, ni samaki wa kutazama. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akanigeukia mimi, akaniambia pole.

Samaki wa kwanza walikuwa wawili, wa milia myeupe na myeusi, wadogo kama sanduku la kiberiti. Hao hawakuwa na shida. Walikula chochote kilichotumbukizwa, na kisipotumbukizwa kitu walikuja kukiangalia kidole. Fundi alisema ni samaki wazuri wa kuanzia. Neno hilo la kuanzia lilimuudhi mume wangu. Baada ya wiki tatu alianza kusema samaki hawa hawana hadhi, wanakula kama wapiga debe wa stendi, na kwamba wageni wakija wanaona samaki wenye njaa tu. Alitaka yule aliyemwona Dar.

Yule wa Dar watu wa pwani wanamwita kitatange. Fundi alimweleza kwenye simu, na simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa kwa hiyo nilisikia mwenyewe, kwamba kitatange ni mzuri lakini ni mgumu kulisha. Baharini anadonoa vijidudu kwenye matumbawe, na akiwekwa kwenye tangi wengi wao hukataa chakula mpaka wanakufa. Hata watu wenye uzoefu wanamwogopa. Ningekuwa mimi ningeishia hapo, nikashukuru, nikakata simu. Mume wangu alisikia maneno mawili tu, wenye uzoefu na wanamwogopa, akaagiza.

Alikuja kwa basi, ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa hewa, mfuko ndani ya deli, boksi kama la wauza aiskrimu. Siku hiyo malori yalisubiri. Mtu ambaye watoto wake watatu walizaliwa yeye akiwa kazini alikwenda kukaa kwenye ofisi ya vifurushi tangu asubuhi, akarudi amelipakata deli kwenye mapaja, mwenzake wa kazini akiendesha gari taratibu ili maji yasitikisike.

Sitamnyima haki yake yule samaki. Alikuwa mzuri. Alikuwa bapa kama kiganja, wa njano ya kiini cha yai la kienyeji, ana mstari mweusi uliopita juu ya jicho, na karibu na mkia ana doa jeusi jingine kama jicho la uongo. Mdomo wake ulikuwa mrefu na mwembamba, kama wa mtu anayetaka kupuliza chai. Alizunguka tangi mara moja, akaenda kusimama nyuma ya jiwe, akatugeuzia mgongo.

Siku ya kwanza hakula. Fundi alisema ni safari. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu mume wangu alinunua daftari, akaandika tarehe, na chini yake akaandika: amekataa. Akaanza kumjaribisha. Alimpa chakula cha vipande vya rangi kilichokuja na tangi. Akamsagia kapenta, wale dagaa wakavu wanaotoka upande wa Zambia. Akamletea ini la ng'ombe. Akamchemshia yai, na hilo nalisisitiza, alilichemsha mwenyewe, mtu ambaye nilidhani hajui jiko linawashwa upande gani. Kila kitu kilishuka polepole mbele ya macho ya kitatange, naye alikiangalia kinavyopita kama abiria anayeangalia basi lisilo lake. Wale wawili wa milia walikula vyote. Walinenepa mpaka milia ikaachana.

Ikawa sasa asubuhi hasalimii, anauliza kama nimemwona anatafuna. Simu za malori zinaita, yeye amechuchumaa mbele ya kioo. Jioni anapiga Dar, fundi anamwambia jaribu hiki, yeye anaandika kwenye daftari. Nilikumbuka kwamba mtoto wetu wa pili alipokuwa mchanga alikataa kunyonya wiki mbili, nikahangaika naye hospitali peke yangu, na baba yake akaja kujua mtoto akiwa tayari ameota meno. Nilikumbuka bila kusema. Sikutaka kumwongezea presha.

Maana presha ilikuwa inapanda. Alinunua kipimo cha kuvaa mkononi, akawa anajipima akiwa amekaa mbele ya tangi, mahali ambapo kwa mpango ndipo ilipotakiwa kushuka. Namba ilipokuwa kubwa aliondoka akaenda kujipima jikoni, ikawa afadhali kidogo. Akarudi mbele ya tangi, ikapanda. Akasema kipimo ni kibovu.

Kisha baridi ya Juni ikaingia, na umeme nao ukaanza kwenda na kurudi. Hita ikizima, maji yanapoa, na samaki wa bahari ya joto hakuumbwa kwa ajili ya Tunduma. Mume wangu alilizungushia tangi blanketi zito, lile nililopewa na mama yangu siku ya kuagwa. Mimi nilijifunika mablanketi mepesi mawili, nikawa napiga chafya. Aliniuliza kama chafya zangu haziwezi kumshtua samaki.

Katikati ya hayo mama mkwe akaja kutoka Itumba. Alikuja kutibiwa macho, na ilibidi akae kwetu wiki mbili akingojea kurudi kliniki. Mama mkwe ni mama wa milimani, mwembamba, mwenye Kiswahili kizito chenye Kindali ndani yake, na si mtu wa maneno mengi. Alimkuta mwanawe amechuchumaa. Akasalimia, akaitikiwa bila kugeukiwa. Akauliza huyo anaangalia nini, nikamwambia. Akauliza huyo samaki anaumwa nini, nikamwambia hajala siku ya sita. Alivuta kigoda akakaa mbele ya tangi, kwa sababu televisheni ilikuwa imehamishwa na hakukuwa na kingine cha kuangalia.

Alikaa hapo siku mbili, na macho yake yakiwa yamewekewa dawa. Asubuhi mume wangu akimtupia samaki chakula, mama anaangalia. Mume wangu akishaondoka kwenda mpakani, mama bado anaangalia. Siku ya pili, nilipokuwa napita na beseni la nguo, aliniita.

"Mwanangu," akasema, "mbona mnamtupia chakula juu, na yeye kutwa anatafuta kwenye mawe?"

Nikatua beseni. Tulichuchumaa wote wawili. Ni kweli. Kitatange hakuwa amelala njaa amenuna kama tulivyodhani. Alikuwa anapita kwenye kila jiwe, anaingiza ule mdomo wake kwenye vitundu, anadonoa, hapati kitu, anahamia kitundu kingine. Alikuwa anafanya kazi tangu asubuhi hadi jioni. Sisi tulikuwa tunamwekea meza mahali ambapo hajawahi kukaa.

Hapo lazima niseme kwa nini mama mkwe aliona upesi. Nilipoolewa, mume wangu alikuwa ndiyo kwanza anatafuta kazi Tunduma, akaniacha Itumba kwa mama yake. Nilikuwa msichana wa kutoka Mbozi, Kindali sikijui, na kila nikikaa kwenye chakula na ukoo wote unanitazama, tonge halipiti. Wiki tatu nilipungua mpaka pete ikawa inazunguka kidoleni. Mawifi walisema ninaringa. Mama mkwe hakusema. Siku moja aliniambia nikaangalie moto jikoni, nikakuta kiazi kwenye majivu, kimeiva, hakuna mtu. Nikakila. Kesho yake kilikuwepo kingine. Hakuniuliza kama nimekula, na hakuniambia kama alikiweka yeye. Baada ya miezi kadhaa mwanawe alikuja kunichukua, akamwambia mama yake kwamba nimenenepa, na kwamba inaonekana hewa ya kwao inanifaa. Mpaka leo anaamini ni hewa.

Kwa hiyo tuliingia jikoni, mimi na yeye. Fundi alikuwa ameleta pakiti za kamba wa baharini waliogandishwa, ambao mume wangu aliwakata vipande akavitupa juu ya maji kama vingine. Tuliwasaga na kitunguu saumu kidogo, kwa sababu mama alisema harufu inaita. Nikatoa jiwe moja kwenye tangi, tukalipaka ule uji, nikaushindilia kwa kidole kwenye kila kitundu, tukaliacha likauke kidogo. Nilipolirudisha, wa kwanza kufika walikuwa wale wa milia. Ilibidi mama awarushie chakula chao upande wa pili, huku anawaita kwa sauti ile anayowaitia kuku, na ajabu ni kwamba walikwenda.

Kitatange alikuja. Aliliangalia jiwe kwa jicho la kulia, akageuka akaliangalia kwa la kushoto. Akadonoa mara moja, akarudi nyuma. Akadonoa tena. Halafu hakuinua kichwa. Mama mkwe aliguna kidogo, akaninong'oneza niteleke chai.

Mume wangu aliporudi jioni alimkuta samaki yuko kwenye jiwe, tumbo limetuna. Alisimama mlangoni na mkoba wake. Kisha akaupeleka mkono kwenye kopo la vipande vya rangi, akamimina kidogo, na kitatange, aliyekuwa ameshiba na amechangamka, akakifuata kipande kimoja akakitema. Kukitema hakukuonekana. Kilichoonekana ni kukifuata. Alipiga simu Dar palepale, nikamsikia anasema, "Nimemweza."

Nilifungua mdomo. Mama mkwe akanibonyeza goti chini ya meza, akanong'ona kwamba huyu hajalala vizuri wiki nzima, tumwache kwanza alale. Nikanyamaza. Kesho yake ningeweza kusema na sikusema, na hilo silisukumii kwa mama mkwe. Nilitaka kuona atafika wapi.

Alifika mbali. Ndani ya mwezi, mpakani walikuwa wanamwita Bwana Samaki, na yeye anaitika. Alikuwa anawaeleza mawakala wenzake kwamba samaki mgumu anamsoma mtu, ukimjia na papara anakataa, ukimjia kwa utulivu anakubali. Alisema alikuwa anaongea naye kwa sauti ya chini. Alisema siri ni kumwonyesha kwamba wewe ndiye mwenye nyumba. Mchungaji alipotutembelea alipewa maelezo hayohayo, na Jumapili iliyofuata samaki wa mume wangu akatajwa kwenye mahubiri kama mfano wa uvumilivu. Niliinama nikatafuta kitu kwenye mkoba.

Miezi minne, kila asubuhi gari lake likishatoka getini, mimi nilisaga kamba, nikapaka jiwe. Jioni yeye alimimina vipande vyake vya rangi, wale wa milia wakavila, naye akaandika kwenye daftari: amekula vizuri.

Mteja wake mkubwa kuliko wote anakaa Vwawa. Ni mwenye malori, mtu wa maneno machache na tumbo linalomtangulia. Alikuja kwetu kwa chakula, akakaa mbele ya tangi, akamsikiliza mume wangu jioni nzima. Hazikupita siku nyingi tukasikia amejenga tangi lake, refu mara mbili ya letu, na ndani ameweka vitatange wawili. Haikupita wiki akapiga simu. Vitatange hawali. Alimtaka mume wangu aje Jumapili baada ya ibada awafundishe kula, na aje na mama watoto, mke wake amepika.

Nilimuuliza kabla hatujaondoka kama anataka kubeba chochote. Alisema anabeba uzoefu. Mimi nilibeba kopo dogo la uji wa kamba ndani ya mkoba, nimelifunga kwenye mifuko miwili. Sikulibeba kwa ajili yake. Nililibeba kwa ajili ya wale samaki, ambao hawakuwa wamemkosea mtu.

Sebule ya Vwawa ilikuwa na viti vya kutosha mkutano, na siku hiyo vilijaa. Mwenyeji alikuwa amewaita ndugu zake waje kuona. Mume wangu alisimama mbele ya tangi, akavua koti, akakunja mikono ya shati. Aliomba taa ipunguzwe. Akaomba watu waongee kwa sauti ndogo. Akainama, uso wake karibu na kioo, akanong'ona maneno ambayo sikuyasikia, na nadhani hata yeye hakuyajua. Kisha akamimina.

Vipande vya rangi vilielea, vikalowa, vikaanza kushuka. Vitatange wawili walivitazama vikishuka. Mmoja akageuka.

"Wanatafakari," mume wangu akasema.

Tulisubiri. Shangazi wa mwenyeji alianza kusinzia. Mume wangu akamimina tena kidogo, maji yakaanza kuwa na ukungu. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, na mimi namjua, nikaanza kuhesabu pumzi zake. Mwenyeji akamuuliza, kwa adabu kabisa, wa kwake alianza kula siku ya ngapi. Ya nane, akajibu. Mwenyeji akauliza alikuwa amefanya nini siku hiyo ya nane. Hapo mume wangu alilitazama kopo lililokuwa mkononi mwake, kwa sababu kwa mara ya kwanza ndani ya miezi minne alikuwa ameulizwa swali lenye jibu.

Mke wa mwenyeji alikuwa ameketi pembeni yangu. Tulikuwa hatujaongea zaidi ya salamu. Alinisogelea akaninong'oneza, "Dada, kule nyumbani nani anamlisha?"

Nikamwangalia. Nikamuuliza kama ana jiwe la akiba la tangi.

Jikoni kwake tulicheka mpaka ikabidi ajishike kwenye sinki. Hakuniuliza mengi, alisema tangi hili ni yeye anayelisafisha, na mume wake anawaambia watu linajisafisha lenyewe kwa mtambo. Tulipaka mawe mawili. Tuliporudi sebuleni nilipita nyuma ya mume wangu bila kumwangalia, nikakunja mkono wa gauni, nikayatua mawe taratibu ndani ya tangi, juu ya mchanga. Vitatange wakaja wote wawili. Sebule nzima ikasikika inavuta pumzi, hata shangazi aliamka.

Mwenyeji alitazama mawe, akanitazama mimi, akamtazama mume wangu.

"Kumbe mtaalamu ni shemeji," akasema.

Mume wangu alishusha mikono ya shati, akafunga vifungo kimoja baada ya kingine.

"Tunasaidiana," akasema.

Kutoka Vwawa hadi Mpemba aliendesha macho mbele. Kulikuwa na malori yamepanga mstari kando ya barabara, na kwa kawaida angeyasoma yote namba zake kwa sauti. Tulipopita Mpemba aliniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu mama alipokuja kwa ajili ya macho. Akauliza kama mama anajua. Nikasema mama ndiye aliyejua, mimi nilisaga tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulirudi nyumbani ukiwa umeshajua," nikasema.

Alikasirika siku mbili. Alikula mjini, na alipopita sebuleni hakuliangalia tangi, kana kwamba samaki naye alikuwa kwenye njama. Siku ya tatu asubuhi, kabla hajaondoka, alikuja jikoni na shati lake la kazi, akasimama karibu na friji kama mgeni. Akaomba nimwonyeshe. Nilimwonyesha. Alipaka uji mwingi mno, nusu yake ukabaki unaelea, maji yakaharibika, tukayabadilisha maji hadi saa sita mchana, na malori yake yakasubiri. Jumatatu iliyofuata alipaka kidogo zaidi. Kufika mwisho wa mwezi alikuwa anapaka vizuri kunizidi, kwa sababu yeye ana vidole vyembamba, na hilo nililisema mbele za watu. Mpakani hata hivyo hakusahihisha chochote. Bado ni Bwana Samaki.

Wale vitatange wa Vwawa, mmoja alikufa na mmoja yuko hai. Mwenyeji akiwa na shida hampigii tena mume wangu, ananipigia mimi, naye mke wake ndiye anayenipigia mara nyingi zaidi, na si habari za samaki tu. Mara mbili nimekwenda kuangalia maji yao. Mume wangu alinipeleka, akanisubiri kwenye gari, akasema ana simu za kupiga.

Kitatange wetu aliishi mwaka na miezi kadhaa, muda ambao fundi wa Dar alisema ni mrefu kwa samaki wa aina hiyo aliyepandishwa milima. Jumamosi moja tulimkuta amelala ubavu juu ya mchanga. Hatukujua kilichomuua. Mume wangu hakwenda kazini. Alimtoa kwa mkono wake, akamfunga kwenye leso, akachimba chini ya mparachichi. Aliniuliza kama itakuwa vibaya kuomba sala fupi. Nilimwangalia kuona kama anatania, nikaona hatanii, nikainamisha kichwa. Wale wawili wa milia, walipoona tumerudi ndani na kusimama karibu na tangi, walikuja mbio kwenye kioo kuuliza chakula.

Mama mkwe hatukumwambia upesi. Alipopiga simu wiki hiyo alianza na samaki, kama alivyozoea, kabla ya kuuliza hali ya mwanawe. Nikamwambia amekufa. Nikasikia mbuzi wake nyuma ya simu. Akaniuliza kama alikula mpaka mwisho, nikasema alikula. Mume wangu alikuwa amesimama karibu nami. Akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Mama," akasema, "siku ya mwisho nilimlisha mimi mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Nilimwachia ayarudie maneno hayo mara ya pili, halafu nikaomba simu yangu.